Mzazi si biharusi

Wageni hutaraji kumkuta mzazi kajitanda kanga mpya, macho yana wanja, chumba kinanukia udi na mtoto kalala kimya. Siku ya nne baada ya kujifungua mzazi wa kweli matiti yamejaa hadi yanauma, nguo imelowa maziwa, mshono unamvuta akikaa, na analia asijue sababu. Hana kasoro yoyote.

Kilio hicho huja kwa sababu homoni za mimba hushuka ghafla kondo likishatoka, na usingizi wenyewe hakuna. Kwa wengi huisha ndani ya wiki mbili. Kikizidi hapo, au ikawa hali chakula, halali hata mtoto akilala, au anawaza kujidhuru yeye au mtoto, huo ni ugonjwa na unatibika. Apelekwe kituo cha afya mara moja, asiambiwe hana shukrani.

Kinachowatesa zaidi ni maziwa. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, kwa hiyo kulia tena baada ya saa moja si dalili kwamba titi limekauka. Hapo ndipo mawifi na mashoga huanza: joto hili, mpe maji kidogo! Msikubali. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha hata kaskazi ikiwaka, na tumbo likijaa maji mtoto hunyonya kidogo, titi nalo likapunguza kutengeneza. Hesabuni nepi: kuanzia siku ya tano, akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, ni dalili nzuri kuwa anapata maziwa.

Chuchu ikichanika, mara nyingi mtoto kashika ncha tu. Subiri apanue kinywa, umlete yeye kwenye titi, kidevu kiguse, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iingie ndani. Bado inauma? Pitisha kidole safi pembeni mwa mdomo umwachishe, muanze upya. Titi likiwa jekundu na gumu mahali pamoja, na homa juu yake, nenda hospitali huku ukiendelea kunyonyesha.

Supu ya pweza na uji wa pilipili manga mzazi anywe kwa raha zake, lakini kinachoita maziwa ni mtoto kunyonya. Kukandwa, maji yasiunguze, na mshono wa upasuaji usiguswe. Kitovu kikae kikavu, bila majivu wala mafuta, ila dawa aliyoitoa mkunga wa hospitali.

Thamani kubwa ya arobaini, zile siku arobaini za mzazi kukaa ndani, ni kazi kufanywa na wengine. Anayekuja kumtazama mzazi aje na chakula kilichopikwa, afue nepi, ambebe mtoto kwa saa mbili mama alale. Baba naye anaweza kufua.

Na pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, au kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu, apelekwe hospitali hapohapo, hata usiku, awe Unguja au Pemba. Arobaini haimzuii mzazi kwenda kutibiwa.