Kabla hujaandika “kuenea”: neno spread kwa mtafsiri anayeanza

Nilipoanza kutafsiri nilikuwa na daftari. Kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, neno kwa neno. Mbele ya spread niliandika “kuenea, kueneza”, nikafunga daftari nikijiona nimemaliza. Kijitabu kimoja cha afya ndicho kilichonitoa tongotongo. Sentensi ilikuwa fupi: The cancer has spread. Nikaandika, “Saratani imeenezwa.” Mhariri akanirudishia ukurasa ukiwa na swali moja pembeni, kwa kalamu nyekundu: “Na nani?”

Nilikasirika kidogo, kisha nikaona aibu. Kiingereza hutumia umbo lile lile kwa ugonjwa unaosambaa wenyewe na kwa mdudu anayeueneza. Kiswahili hakikupi nafasi hiyo ya kukwepa. Lazima uamue kama kuna mtendaji au hakuna, na uamuzi wako unaonekana mwishoni mwa kitenzi: enea na eneza, sambaa na sambaza, tandaa na tandaza, tawanyika na tawanya. Malaria huenezwa na mbu jike wa jamii ya Anopheles, hapo kauli ya kutendwa inakaa mahali pake. Saratani haina mbu. Seli zake husafiri kwa njia ya damu au ya limfu na kujenga makao kwingine, kwa hiyo “imesambaa” inatosha. Mgonjwa akisoma “imeenezwa” anaweza kudhani daktari kakosea, au kuna mkono wa mtu.

Basi swali la kwanza mbele ya spread liwe lile la mhariri wangu. La pili: ni kitu gani kinachoenea? Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, maana Kiswahili kina kitenzi chake kwa karibu kila hali.

Wingu, ukungu na giza hutanda. Kutanda kuna hali ya kufunika kutoka juu, ndiyo maana hata huzuni inaweza kutanda nyumbani, lakini siagi haitandi kwenye mkate. Siagi hupakwa. Mkeka hutandikwa, nafaka hutandazwa juani, na ukisema zimeanikwa umeongeza habari kwamba lengo ni zikauke, jambo ambalo Kiingereza hulazimika kulieleza kwa maneno zaidi. Tazama mzizi huo wa -tand- ulivyozaa: tandiko, mtandio, utando wa buibui, na sasa mtandao.

Mabawa na karatasi iliyokunjwa hukunjuliwa. Vidole hutanuliwa. Mikono ikitanuliwa kumpokea mtu ni kitu kimoja, ikitanuliwa kupima upana wa ukuta ni kingine, lakini kitenzi kinaweza kubaki kile kile. Damu na maji yaliyomwagika hutapakaa. Takataka huzagaa, na uvumi pia huzagaa. Zingatia sana kitenzi hiki, kwa sababu kina lawama ndani yake. Ukiandika kwamba vitabu vya mwandishi fulani vimezagaa madukani, umemtukana bila kujua. Yeye angependa vimeenea, au vinapatikana kila mahali.

Umati hutawanyika, au hutawanywa ukipigwa mabomu ya machozi, ingawa hapo Kiingereza mara nyingi hutumia disperse. Mbegu nazo hutawanywa, na kwa Kiingereza hapo utakutana zaidi na scatter. Tofauti si ngumu ukiiona kwa macho: kinachofanyiwa scatter huachana vipande vipande na katikati hubaki mapengo, kinachofanyiwa spread huweza kufunika eneo zima bila kuacha nafasi.

Kuenea kwenyewe kuna mtego. Shati likimwenea mtu, limemkaa sawasawa. Chakula kikiwaenea wageni, kimewatosha. Kwa hiyo “dawa imeenea wilaya nzima” yaweza kusomwa kwamba imefika kila kona au kwamba inatosha watu wote, na hizo ni taarifa mbili tofauti kabisa kwa mtu anayepanga bajeti. Panapokuwa na shaka, mimi huandika “imefika” au “inatosha” na kuendelea.

Nomino nayo ina mambo yake. Wanaoanza hupenda “uenezi” na “usambazaji” kwa sababu yanasikika ya kitaalamu. Uenezi unanuka siasa na mahubiri. Chama cha siasa huweza kuwa na katibu mwenezi wake. Usambazaji una lori na stoo ndani yake: ni kazi ya mtu anayepeleka bidhaa au umeme. Moto wa msituni hauna usambazaji. Andika tu “kuenea kwa moto”, au bora zaidi, geuza sentensi useme jinsi moto ulivyoenea.

Sarufi ya Kiingereza yenyewe isikusumbue sana. Umbo ni moja kwa wakati uliopo, uliopita na timilifu: spread, spread, spread. Spreaded ni kosa. Nimeliona hata katika barua za kuomba kazi ya ukalimani. Hatari iko kwenye kusoma. They spread rumours inaweza kuwa “wanasambaza uvumi” au “walisambaza uvumi”, na sentensi za jirani ndizo zitakazokuamulia. Lakini ukikuta he spread bila -s, huo ni wakati uliopita, usihangaike. Kwa matamshi, ea hiyo ni ile ya bread na head, siyo ya bead.

Halafu kuna maana ambazo hazitoki kwenye kamusi ndogo. Katika fedha, spread ni pengo. Duka linalonunua dola kwa 100 na kuiuza kwa 102 lina spread ya 2, na Kiswahili chake ni tofauti kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza. Ni kirefu, sawa, lakini msomaji anaelewa. Katika magazeti ni habari au picha iliyochukua kurasa mbili zinazotazamana. Mezani ni vyakula vingi vilivyopangwa, na kwenye kopo ni kitu chochote cha kupaka kwenye mkate.

Kutoka kwenye zile kurasa mbili zinazotazamana ndiko kulikotoka spreadsheet. Wahasibu walikuwa na karatasi pana za safu na mistari muda mrefu kabla ya kompyuta. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston wakatoa programu ya VisiCalc kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, na karatasi ikahamia kwenye kioo. Kiswahili rasmi ni lahajedwali. Mimi hulitumia katika maandishi, ingawa sijamsikia mhasibu akiliita hivyo akiwa na haraka. Wao husema Excel hata kama programu ni nyingine.

Misemo usiitafsiri vipande vipande. Spread the word ni “wajulishe wengine”. Spread the payments over 12 months ni “lipa kidogo kidogo kwa miezi 12”, malipo hayatandazwi. Mtu anayejigawa kwa mambo mengi mpaka yote yanalegea, ambaye Kiingereza humfananisha na siagi iliyopakwa nyembamba mno, sisi tulishamwambia zamani kwamba mshika mbili moja humponyoka. Na widespread mara nyingi haihitaji kivumishi chochote: “hutumika kila mahali” inashinda “matumizi yaliyoenea kwa upana”, ambayo nimeiandika mwenyewe, tena zaidi ya mara moja.

Daftari bado ninalo. Mbele ya spread nilifuta yale maneno mawili, nikaanza kuorodhesha vitu badala ya tafsiri: giza, siagi, uvumi, malipo, mabawa. Wiki iliyopita nimeongeza “maoni”, baada ya kukuta a wide spread of opinion katika ripoti ya mkutano. Nilikaribia kuandika kwamba maoni yalienea sana. Kumbe waliohudhuria hawakukubaliana hata kidogo.