Mama, unalalaje usingizi?

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Najua siku hizi huitikii, lakini salamu yangu siibadilishi kwa sababu mwenzangu amenyamaza.

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Baada ya matanga ya babu yako, baba yako mdogo alisimama mbele ya watu waliokuwa wanakula akakwambia kwamba mzee yuko mbinguni, na wewe uliyemkana Mungu hutamwona tena, huko uendako utakiona cha mtema kuni. Ukamjibu kwamba Wakristo wote tunaogopa giza, ndiyo maana tumejitungia taa. Kisha hukumuuliza yeye, ukaniuliza mimi: "Mama, wewe unaamini kweli nitachomwa milele? Na kama unaamini, unalalaje usingizi?"

Swali la kwanza mtu anaweza kulijibu kwa kufungua Biblia. Hilo la pili limenikalisha.

Kwanza niseme kuhusu ule ugomvi wenyewe, maana mlidhani mnasema mambo mapya. Kabla Yesu hajazaliwa, Mrumi aitwaye Lucretius aliandika shairi refu akisema hofu ya kuzimu ndiyo inayochafua maisha ya watu, na kwamba mateso yanayosimuliwa ya huko tunayaona hapahapa duniani. Tarehe 6 Machi 1927 mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alisimama katika ukumbi mmoja London akasema dini msingi wake mkubwa ni hofu. Baba yako mdogo naye ana wazee wake. Tarehe 8 Julai 1741, kule Enfield, Connecticut, Marekani ya leo, mchungaji Jonathan Edwards aliwaambia watu kwamba Mungu amewashika juu ya shimo la moto kama mtu ashikavyo buibui juu ya mwali. Watu walilia kwa sauti hata mahubiri yakakatika. Siku hizi Edwards wetu wanapanda basi asubuhi na kuuliza abiria: "Ukifa usiku wa leo utaamkia wapi?" Halafu wanaomba sadaka kabla ya kituo kinachofuata.

Hapo nakupa haki yako. Mtu asiyeamini kwamba jehanamu ipo, humtishi kwa jehanamu. Wanaotetemeka ni walio ndani tayari, hasa watoto. Mtoto wa Sunday school aliyelamba sukari akasema si yeye ndiye anayelala amejifunika shuka mpaka kichwani. Mlevi wa kilabuni anacheka tu. Silaha inayomjeruhi mtoto wako na kumkosa unayemlenga, mimi siibebi.

Lakini na lile jibu lako ni la uvivu. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kushtuka kwake hakukwambii kama nyasini leo kuna nyoka au hakuna. Ukisema tunaamini kwa sababu tunaogopa, umesema jambo kuhusu mioyo yetu, hujasema lolote kuhusu Mungu. Na mioyo yenyewe hujaijua. Babu yako alikuwa mwinjilisti maisha yake yote na sikumsikia akiutaja moto hata kwenye mazishi ya watu waliomwibia.

Kuna Mfaransa, Blaise Pascal, ambaye maandishi yake yalichapishwa mwaka 1670, miaka minane baada ya kufa kwake. Alisema kuamini ni kama kucheza kamari: ukiamini na Mungu yupo, unapata kila kitu, hayupo, hasara yako ni ndogo. Watu wa kanisani wanaipenda hoja hii bila kujua ilikotoka: "Bora niamini nikute hayupo, kuliko nisiamini nikamkuta." Karne iliyofuata, Mfaransa mwenzake Diderot akasema imamu naye anaweza kutumia hoja hiyohiyo. Sisi tuliokulia nchi ya mihadhara ya dini hatuhitaji Mfaransa atuambie. Mama mkwe wa dada yako kule Kondoa anaswali swala tano, na kwa hesabu ya Pascal ningepaswa kuuogopa na moto wanaouhubiri kwao, naye auogope wa kwetu. Wakati wa harusi tulipika pamoja usiku kucha, kila mmoja yumo katika jehanamu ya mwenzake, na pilau ikaiva vizuri.

Sasa nije kwenye swali lako. Nitapitia kwa mtu unayempenda, kwa kuwa ukiwa chuo ulibandika picha yake ukutani: Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi ya viumbe.

Kabla hajamwoa Emma, mwaka 1839, alimweleza kwamba ana mashaka na imani, ingawa baba yake mzazi alimshauri mambo hayo ayafiche. Emma alikuwa mwamini. Hakumtishia. Alimwandikia barua, akamwambia kwamba angehuzunika sana kama angedhani wao wawili hawatakuwa pamoja milele. Darwin aliitunza barua ile, na juu yake akaandika kwamba atakapokufa, mkewe ajue aliibusu na kuililia mara nyingi. Miaka ilipita, wakazika watoto, na yeye imani ikamwisha polepole. Katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe alisema haelewi mtu angetakaje Ukristo uwe kweli, kwa kuwa maandiko yake yaonekana kusema wasioamini wataadhibiwa milele, na hao ni pamoja na baba yake, kaka yake na karibu rafiki zake wote wa karibu. Akaliita fundisho la laana.

Darwin alipokufa mwaka 1882, Emma aliomba maneno hayo yaondolewe. Kitabu kikatoka 1887 bila hayo, mpaka mjukuu wao Nora Barlow alipoyarudisha mwaka 1958. Watu wa upande wako husimulia habari hii kama mke mshika dini aliyemziba mumewe mdomo. Sababu yake mwenyewe hawaisimulii: aliandika kwamba fundisho la adhabu ya milele kwa kutokuamini linastahili kulaumiwa kwa ukali wowote, lakini ni wachache mno siku zile ambao wangeliita Ukristo.

Nami nasimama karibu na huyo mama. Sitakudanganya kwamba mistari ya upande wa pili haipo. Marko anasema asiyeamini atahukumiwa, na siwezi kuukata ukurasa. Ila nenda Mathayo 25, palipo na moto wa milele wazi kabisa, uone wanaopelekwa huko wanaulizwa nini. Hawaulizwi waliamini nini. Wanaulizwa habari za njaa, kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa, mfungwa. Tajiri wa Luka 16 naye hakushtakiwa kwa kumkana Mungu. Maskini Lazaro alilala mlangoni pake, na tajiri akala. Ukitaka kunitisha kwa jehanamu, nitishe kwa hiyo, maana hata mimi napita watu mlangoni. Sijasikia spika ya stendi ikihubiri hivyo, pengine kwa sababu wenye magari wangeacha kutoa sadaka.

Na usidhani Wakristo tumekubaliana. Augustino, mwalimu wa kanisa la kale, alitetea mateso yasiyo na mwisho. Origen kabla yake alitumaini kwamba mwishowe viumbe vyote vitarudi kwa Mungu. Wasabato wa hapa jirani wanafundisha kwamba waovu watateketea wakaisha, hawatateswa milele. Julai 1999 Papa Yohane Paulo II alieleza kwamba jehanamu si mahali hasa, ni hali ya mtu aliyejitenga na Mungu. Baba yako mdogo anaongea kana kwamba ameshika orodha ya majina. Hana. Nimemwambia hivyo, akanuna, na simu zangu sasa anapokea mke wake.

Kwa hiyo: siamini kwamba Mungu atakuchoma kwa sababu ulifikiri ukashindwa kuamini. Naamini kuna hukumu, na mwenye kuhukumu si mimi. Usingizi napata, isipokuwa usiku mwingine.

Usiku huo si moto ninaouwaza. Nawaza alichokiwaza Emma. Nikifa, watu wataimba kwamba tutaonana ng'ambo, nami nitakuwa nimekufa nikiamini hivyo, na wewe utasimama pale kaburini na udongo mkononi ukijua, au ukidhani unajua, kwamba ndiyo mwisho. Huzuni yako itakuwa nzito kuliko ya dada yako, na sitakuwepo kukubembeleza. Hiyo ndiyo hofu yangu. Ukitaka kuiita hofu ya giza, iite, lakini giza lenyewe naliogopa kwa ajili yako.

Wewe nawe niambie, ila usiniambie kwamba huogopi kitu. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti asiyeshika dini, alipokuwa anakufa mwaka 1776, rafiki yake Boswell alikwenda kumwona, akamuuliza kama wazo la kutokuwepo halimsumbui. Hume akasema halimsumbui zaidi ya wazo kwamba kabla ya kuzaliwa hakuwepo. Boswell, aliyekuwa mwamini, ndiye aliyeondoka ametikisika. Namwamini Hume. Lakini wewe si Hume. Nilikuona ulivyolishika jeneza la babu yako.

Desemba uje. Chumba chako kipo, mahindi mabichi yatakuwa yameanza. Mezani hakuna atakayekulazimisha kusali, nimeshasema na wote. Usianze tu kula kabla bibi yako hajasema amina, na ujue siku hizi anaombea mpaka wabunge, kwa hiyo kunywa chai kwanza.

Mama yako