Bendeji inahama mkono, muuaji kapewa dhamana

Ndugu, nimekuelewa: tamthilia yenu ya polisi hapo Mtwara inachekwa kwa kuwa bendeji ya mpelelezi inahama mkono na mtuhumiwa wa mauaji anapewa dhamana. La bendeji jepesi. Kila mkikata kurekodi, mpigeni mwigizaji picha kwa simu, mikono yote miwili. Mimi naogopa zaidi ule ufukwe wa Shangani mnaorekodia. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo yaliyojaa saa tatu asubuhi, wiki ijayo saa hiyohiyo yamekupwa. Mazungumzo yote ya ufukweni yarekodini siku moja. Dhamana futeni kabisa: mauaji hayana dhamana Tanzania, na kwa hakimu mshtakiwa hatakiwi kujibu lolote, kesi ni ya Mahakama Kuu. Skripti aipitie wakili. Sare za polisi msizivae bila kibali, mtalala ndani kweli.