Kahawa ya chujio iliyoongezwa espreso: ukali bila uchungu

Anayeanza kutengeneza kahawa kali nyumbani mara nyingi huchanganya ukali na uchungu. Akinywa kikombe kinachomkunja uso husema "hii ni kali", kumbe kahawa imeungua au imekamuliwa kupita kiasi, yaani maji yametoa vitu vingi mno kutoka kwenye unga wake. Ukali ni kipimo: kahawa kiasi gani imeyeyuka ndani ya maji yaliyomo kikombeni. Uchungu ni ladha, na ukizidi huwa ni dalili kwamba kuna hatua imeharibika. Kahawa ya chujio iliyomiminiwa espreso, yaani kahawa nzito inayokamuliwa kwa mashine yenye shinikizo, inaweza kuwa na ukali mara mbili ya kahawa ya kawaida na bado ikanyweka bila sukari.

Kwa majina, kahawa ya chujio yenye shoti moja (kipimo kimoja) ya espreso huitwa red eye, yaani jicho jekundu. Ya shoti mbili ni black eye, na ya tatu ni dead eye, ingawa wapo wanaoiita green eye. Usiichanganye na americano, ambayo ni espreso iliyoongezwa maji ya moto.

Anza na hesabu

Chukua gramu 12 za kahawa iliyosagwa na gramu 200 za maji. Machicha hunyonya maji karibu mara mbili ya uzito wa kahawa kavu, kwa hiyo kikombeni zitashuka gramu 176 hivi. Kahawa ikikamuliwa vizuri, takriban asilimia 20 ya uzito wake huyeyuka. Hizo ni gramu 2.4, na kikombe kinakuwa na ukali wa asilimia 1.4 hivi, wa kahawa nzuri ya kila siku.

Sasa ongeza espreso ya shoti mbili: gramu 18 za kahawa kavu zikitoa gramu 36 za kinywaji. Humo mna gramu 3.6 zilizoyeyuka. Jumla ni gramu 6 ndani ya gramu 212, karibu asilimia 2.8. Ukali umepanda mara mbili huku ujazo ukiongezeka kwa vijiko viwili vikubwa na nusu tu. Ukitia nusu ya espreso hiyo, yaani shoti moja, unapata asilimia 2.2 hivi. Hapo ndipo pa kuanzia kwa mtu ambaye bado anajifunza.

Hesabu hiyo inaonyesha pia kwa nini hakuna haja ya kuijaza kahawa ya chini, yaani ile ya chujio, ili "iendane" na espreso. Kosa la kawaida ni kutia gramu 18 au 20 kwenye chujio kwa maji yaleyale 200. Maji hayo hayatoshi kuikamua kahawa yote sawasawa, kikombe kinatoka kizito na kichachu, na espreso ikiingia juu yake ladha inavurugika kabisa. Kahawa ya chini ibaki ya kawaida. Kazi ya kuongeza ukali iachie espreso.

Kahawa ya chini

Vikombe vingi huharibikia hapa, kwa sababu watu huweka nguvu zote kwenye espreso kisha wakaimimina juu ya kahawa iliyokaa saa nzima kwenye bamba la moto la mashine. Bamba hilo linaendelea kuipika kahawa. Baada ya nusu saa ladha yake imeshaanza kuwa ya kitu kilichoungua, na espreso haiwezi kuificha. Kahawa ikishachujika ihamishie kwenye chupa ya chai, au pika kiasi cha kikombe kimoja tu.

Kwa chujio la mkono, saga kahawa iwe kama mchanga wa kati. Suuza karatasi kwa maji ya moto ili itoke harufu na chombo kipate moto. Maji yawe kati ya nyuzi 92 na 96 za Selsiasi. Kama huna kipimajoto, yachemshe kisha yaache sekunde 30 hivi kabla ya kumimina. Mimina kwanza gramu 30 hadi 40 za maji, kahawa iloe yote, halafu iache iumuke kwa sekunde 30 hadi 40. Kuumuka huko ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka. Usipoipa nafasi, itayazuia maji yasiingie vizuri ndani ya unga. Kisha mimina taratibu kwa mizunguko hadi mizani isome 200. Yote yawe yameshuka ndani ya dakika mbili na nusu hadi tatu. Yakikawia mpaka dakika nne, umesaga laini mno. Yakiisha kabla ya dakika mbili, umesaga nene.

Anayetumia mashine ya umeme atumie gramu 60 kwa lita moja ya maji, na asiamini alama za vikombe zilizochorwa kwenye jagi. "Kikombe" cha mashine nyingi ni mililita 125 hadi 150 tu, kwa hiyo anayepima kwa kikombe chake kikubwa cha nyumbani hujikuta na kahawa nyepesi bila kujua sababu.

Espreso

Kipimo cha kuanzia ni gramu 18 kuingia, gramu 36 kutoka, ndani ya sekunde 25 hadi 30 tangu ulipowasha pampu. Shinikizo linalotakiwa kwenye kahawa ni bar 9 hivi. Mashine ya nyumbani ikiandikwa bar 15, hicho ni kiwango cha juu cha pampu, wala haimaanishi kwamba kahawa yake ni bora.

Iache mashine ipate moto sawasawa, na mpini unaobeba kikapu cha kahawa uwe umefungwa mahali pake wakati huo wote. Mpini baridi hunyang'anya maji joto na espreso hutoka chachu. Taa ya "tayari" huwaka mapema kuliko chuma kinavyopata moto, hivyo ongeza dakika 10 hadi 15. Pima kahawa kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kwa maana tofauti ya gramu moja tu hubadilisha mwendo wa maji. Vunja madonge kwa sindano nyembamba au kijiti, sawazisha uso, kisha shindilia mara moja, wima, hadi unga usibonyee tena. Nguvu nyingi za mkono hazisaidii chochote. Ukishindilia kwa mshazari, maji yatapita upande mwembamba na kuuacha mwingine.

Hilo la maji kupata njia ya mkato ndilo adui mkubwa wa anayeanza. Utaliona espreso inaporuka kwa vijimshipa pembeni, au mchirizi mmoja unapokuwa mweupe mapema ilhali mwingine bado mweusi. Sehemu maji yalipopita kwa wingi inakamuliwa kupita kiasi na kutoa uchungu, huku sehemu iliyorukwa ikibaki chachu. Ndiyo sababu shoti moja inaweza kuwa chungu na chachu kwa pamoja, jambo linalowachanganya wengi. Dawa yake iko kwenye kusawazisha unga, wala usiguse kipimo cha kusaga kabla ya kurekebisha hilo.

Gramu 36 zikitoka ndani ya sekunde 18, saga laini zaidi. Zikichukua sekunde 40, saga nene kidogo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila unapogusa kipimo cha mashine ya kusagia, saga gramu chache uzitupe, kwani unga wa kipimo cha zamani hubaki ndani. Kama kikapu chako kina tundu moja dogo tu chini, hicho hutengeneza shinikizo chenyewe na hustahimili kahawa iliyosagwa vibaya. Povu lake ni zuri kwa macho, ladha ni ya wastani. Kwa kinywaji hiki kinatosha.

Punje zilizokaangwa jana hazifai espreso. Gesi bado ni nyingi, na shoti itatoka kwa kasi isiyotabirika na povu tele. Zipe siku 7 hadi 14.

Punje zipi?

Kahawa iliyokaangwa nyeusi kwenye chujio na nyeusi tena kwenye espreso ni uchungu juu ya uchungu. Tumia punje za ukaangaji wa kati kwa vyote viwili, au za kati chini na zilizokolea kidogo kwenye espreso. Kinyume chake, espreso ya punje zilizokaangwa kidogo sana inahitaji mashine na mkono uliozoea, kwa hiyo iache kwanza. Weusi wa punje hauongezi kafeini. Anayetaka kafeini zaidi aangalie aina: robusta ina takriban mara mbili ya arabika, pamoja na uchungu zaidi na krema (povu la juu ya espreso) nene.

Kuunganisha

Pika kahawa ya chini kwanza, kwa kuwa inachukua dakika kadhaa, na espreso nusu dakika tu. Wakati chujio linamalizia kudondosha, saga na shindilia. Pasha kikombe kwa maji ya moto, uyamwage. Toa espreso ndani ya kikombe chenyewe, kisha mimina kahawa ya chujio juu yake na ukoroge mara nne au tano hadi chini kabisa.

Kuna wanaopenda kuanza na kahawa na kumalizia na espreso ili krema ielee juu. Inapendeza kwa picha, lakini krema yenyewe ni chungu, na funda la kwanza litakuwa baya kuliko yote yanayofuata. Tena espreso ni nzito kuliko kahawa ya chujio, kwa hiyo bila kukoroga hutuama chini na mwisho wa kikombe unakuwa kama dawa. Utasikia pia kwamba shoti "hufa" baada ya sekunde kumi. Inabadilika inapopoa, ni kweli, ila kwa kinywaji hiki nusu dakika ya kusubiri haina madhara.

Kwa maziwa, gramu 30 hadi 40 za moto zinatosha. Sukari ikorogee kwenye espreso kabla ya kumimina kahawa.

Bila mashine ya espreso

Birika la moka, linalowekwa jikoni na kusukuma maji yapite kwenye kahawa, hufanya kazi kwa shinikizo la bar 1 hadi 2, hivyo kinachotoka si espreso, ila kinafaa. Tia maji ya moto chini ya usawa wa vali, jaza kikapu bila kushindilia, weka moto mdogo, ondoa mara tu linapoanza kukoroma. Ukiliacha likorome, mvuke unaikamua kahawa hadi uchungu na ukakasi. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko espreso, tumia mililita 60 kwa mililita 150 za kahawa ya chujio. Kwa AeroPress, kifaa cha kukandamiza kahawa kwa mkono, gramu 18 zilizosagwa laini, gramu 80 za maji, koroga, subiri dakika moja, kandamiza polepole.

Ya baridi

Espreso ya moto ya gramu 36 huyeyusha takriban gramu 30 za barafu inapopoa, na maji hayo yanaingia kwenye hesabu. Basi kahawa ya chini ifanye iwe kali kidogo, au punguza ujazo wake kwa gramu 30. Ukitumia kahawa iliyolowekwa kwenye friji saa 12 hadi 16 kwa gramu 100 za unga mnene na gramu 800 za maji, ichanganye kwanza na maji kiasi sawa. Ikiwa haijapunguzwa, ni kali mno kuongezewa shoti.

Kiasi cha kafeini

Shoti moja ina takriban miligramu 63, na kikombe cha mililita 240 cha kahawa ya chujio takriban 95. Mapishi ya hapo juu, shoti mbili juu ya gramu 176, yanakaribia miligramu 200. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula, EFSA, katika tathmini yake ya 2015, ilitaja miligramu 200 kwa mara moja na 400 kwa siku kuwa kiasi kisicho na wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa siku nzima kwa mjamzito. Kwa hiyo kikombe kimoja cha shoti mbili tayari kimefika ukingoni, na dead eye imeuvuka.

Nusu ya kafeini huondoka mwilini kwa takriban saa tano, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni bado kinafanya kazi saa tatu usiku. Anayetaka ladha hiyo jioni apike kahawa ya chini kwa punje zilizoondolewa kafeini, na shoti moja ya kawaida juu.