Magombo ya zamani ya piano: usinakili karatasi, tafuta hatua za mashine iliyoitoboa

Mkuu, umeuliza ulifanyeje lile kasha la magombo ya piano za kujipiga (zile karatasi ndefu zenye matundu yanayoiambia piano noti za kupiga) ulilonunua mnadani: uyaskani tu, au utandike gombo kuukuu juu ya karatasi mpya na kulifuatisha tundu kwa tundu? Mimi nakusanya magombo haya huku Marekani na kuyatoboa upya. Skani, lakini usitoboe kile kile skana ilichokiona.

Kwanza yatenganishe. Gombo la noti 88 lina upana wa inchi 11¼ na nafasi 9 za matundu kwa inchi, kipimo walichokubaliana watengenezaji mjini Buffalo mwaka 1908. La noti 65 lina upana huo huo, ila nafasi ni 6 kwa inchi na kijiti kilichozungushiwa karatasi kina pini zilizochomoza pande zote mbili. Ukikuta karatasi nyekundu iliyo pana zaidi, yaelekea ni Welte-Mignon, chapa ya Ujerumani ya magombo yaliyorekodi upigaji wenyewe wa wapiga piano. Hiyo haiingii kwenye piano ya kawaida, iweke pembeni.

Boksi likiwa na chembechembe za karatasi chini, ujue asidi imeshakula kingo. Gombo hilo lisipite kwenye piano kabla ya kuskaniwa. Na michaniko usiizibe kwa selotepu hata kidogo: gundi yake hugeuka njano, hutambaa na kugandisha mzunguko mmoja na mwingine.

Sasa tuje kwenye kiini. Unapokanyaga pedali, hewa inafyonzwa. Tundu la karatasi likifika juu ya kitundu cha upau wa shaba, hewa ya nje inaingia, vali inafunguka, mvukuto mdogo unanywea na nyundo inagonga. Kwa hiyo ukingo wa mbele wa tundu ndio wakati wa noti. Lakini kiwandani karatasi ilikuwa ikisogea hatua kwa hatua, na kila tundu lilitobolewa kwenye hatua fulani. Ukinakili kwa mashine yenye hatua tofauti, kila tundu linasukumwa mbele au nyuma kidogo. Noti tatu zilizotakiwa kulia pamoja, moja inachelewa. Nakala ya nakala inazidisha kosa hilo, na ndiyo maana magombo mengi mapya yanayouzwa husikika kama yana kigugumizi.

Dawa ni hii. Chukua picha ya skana, pima mahali ulipo ukingo wa mbele wa kila tundu, kisha panga vipimo vyote kwa mfuatano kwenye kompyuta. Utaona vinajikusanya kwenye mistari iliyoachana sawasawa, na kati ya mstari na mstari kuna utupu. Umbali huo ndio hatua ya mashine ya kiwandani. Fanya kazi hiyo kipande kwa kipande, maana karatasi hutanuka na kusinyaa kwa unyevu. Halafu kila tundu lipe namba ya mstari wake. Hapo umelipata gombo mama, yaani mpangilio wa asili wa matundu, na ukilitoboa kwa hatua ile ile, ukalishika dhidi ya taa pamoja na kipande cha zamani, mwanga unapenya matundu yote.

Unene wa karatasi nao usiudharau. Gombo lililoandikwa Tempo 80 huanza kwa futi 8 kwa dakika, kisha mwendo unaongezeka kadiri karatasi inavyojaa kwenye kijiti cha kupokelea. Karatasi nene kuliko ya awali itakimbiza wimbo mwishoni.

Jasho lote hili linastahili. Mtunzi Gustav Mahler alikaa mbele ya mashine ya Welte mjini Leipzig mwaka 1905, na magombo yale ndiyo rekodi pekee tuliyo nayo ya upigaji wake. Kule kusita kidogo kabla ya noti, ndiye yeye. Nakala ya hovyo hufuta kwanza kusita huko.

Wewe anza na magombo ya kampuni ya QRS ya nyimbo za dansi, kwa sababu yapo mengi na bei yake si kubwa. Ya Ampico, chapa ya piano zinazoiga hata nguvu ya mpigaji, yaache kwa sasa. Pembeni yana matundu yanayoamuru nguvu ya nyundo kugonga, na tundu moja la huko likikosa mstari wake, mlio unakuwa mkubwa au mdogo mahali ambapo mpigaji hakukusudia.