Galari baadaye, kwanza tafuta ua wenye watu

Dada, umeuliza hivi: umetoka Voi, unatengeneza vinyago kwa mitungi mikuukuu ya plastiki, na kila unayezungumza naye anakuambia kwamba Nairobi, bila kujuana na mwenye galari, yaani mahali pa kuonyesha na kuuza sanaa, huendi popote. Je, ni kweli? Wenzangu hapa wamekupa majina ya galari, na ni majina mazuri. Mimi nitakujibu kwa niliyoyapitia, maana nilianza kwa kutafuta galari na nikapoteza karibu miaka miwili.

Nilikuja mjini mwaka 2009 kutoka Busia. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchora mabango ya vinyozi na hoteli kule Kawangware: kichwa kilichonyolewa denge upande mmoja, sahani ya ugali na matumbo upande wa pili. Usiku nilichora picha zangu juu ya vipande vya plaibodi vilivyobaki kazini. Nilipopata tatu za maana nikazibeba hadi galari moja, nikapokelewa kwa chai, nikaziacha kwa neno la mdomo. Miezi 14 baadaye ndipo nilipogundua kwamba moja iliuzwa zamani. Pesa zake nilizipata vipandevipande kwenye M-Pesa baada ya kupiga simu hadi nikachoka, na zile mbili nilirudishiwa zikiwa zimeota ukungu mgongoni.

Mtu aliyeninusuru alikuwa kijana mmoja mchora matatu. Alinichukua siku moja tukaenda Likoni Close, Kilimani, pale Kuona, kituo cha wasanii. Kuona Trust ilianzia Makumbusho ya Taifa mwaka 1995, ikapita Industrial Area, kisha ikatua pale: kontena za meli zilizogeuzwa studio, zimezunguka ua mmoja. Nilikaa kutwa nzima nikitazama. Huyu anachomelea vyuma, yule anasugua mbao kwa msasa, wengine wanabishana juu ya rangi moja ya samawati kana kwamba ni kesi ya shamba. Hakuna aliyeniuliza nimesomea wapi. Jioni mzee mmoja alinipa brashi zake nizioshe, nikaziosha, akasema kesho nije tena.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: tafuta ua. Galari itauza kazi iliyokwisha, lakini kazi yenyewe huiva mahali ambapo watu wengine wanafanya kazi pembeni yako na wanaweza kukuambia pua ya kinyago chako imelegea.

Na mji huu una historia ndefu ya nyua kama hizo. Paa ya Paa, kituo cha sanaa, ilianzishwa mwaka 1965 na Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Tanzania, pamoja na wenzake Waafrika, Wahindi na Wazungu. Sisi wa Kiswahili jina hilo tunalisikia mara mbili, paa mnyama na paa ya kupaa juu. Moto uliteketeza sehemu kubwa ya mahali pale mwaka 1997, na bado walisimama tena, huko Ridgeways karibu na barabara ya Kiambu. Kibera kuna Maasai Mbili, kundi la wasanii walilolianzisha wachora mabango wawili mwaka 2001. Habari yao niliposikia mara ya kwanza nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu walitokea kwenye brashi ileile niliyokuwa nayo mimi.

Usidhani nyua hizi ni za kudumu, lakini. GoDown, kituo kingine cha sanaa, ilifungua milango Industrial Area mwaka 2003 ndani ya maghala ya zamani, na ulipofika wakati wa kujengwa upya, waliokuwa na studio mle ilibidi watafute pa kwenda. Kuona nayo, ile Trust iliyokuwa ikiiendesha ilisambaratika mwishoni mwa miaka ya 2010. Wasanii waliokuwa kwenye kontena hawakutawanyika. Walijiunga, wakaanza kuusimamia ua wenyewe, wakajiita Kuona Artists Collective. Kwangu mimi hilo ni tukio kubwa kuliko mnada wowote wa sanaa uliowahi kufanyika mjini hapa. Pesa ya mfadhili ikiondoka, kinachobaki ni kama watu walizoea kuchanga kodi au la.

Sisi tulizoea. Tulikuwa wanne, tukapanga nyumba ya vyumba viwili Umoja, kila mtu 4,000 kwa mwezi. Mluhya, Mkikuyu, dada wa Kisomali kutoka Eastleigh aliyekuwa akitarizi, na Mkongomani mcheza ngoma aliyehitaji sakafu tupu tu. Tulisikizana kwa Kiswahili, chake kikiwa cha Bukavu na chetu cha kila mahali. Nyumba ilikuwa na bomba moja, na foleni ya pale bombani ndiyo iliyokuwa mkutano wetu.

Baada ya vita kuzuka Sudan mwezi Aprili 2023, wasanii wengi wa Khartoum walikimbilia Nairobi. Mmoja alikuja kukaa nasi. Kazi zake zote zilibaki kule, alizonazo ni picha kwenye simu. Wiki ya kwanza hakuchora chochote. Siku moja akaniona nikivuta amerikani, kitambaa cha kuchorea, juu ya fremu. Mimi nilijifunza kuanzia pembeni, na kila mara kitambaa kilikunjamana nikadhani tatizo ni fremu za fundi wa Gikomba. Alinipokonya koleo kwa upole. Akapiga msumari katikati ya ubao wa juu, wa pili katikati ya ubao wa chini, kisha kulia, kisha kushoto, halafu akaendelea kutoka katikati kuelekea pembe, akivuta kidogokidogo. Akakigonga kitambaa kwa kidole kikalia kama ngoma. Nikamwambia hiyo inaitwa misumari na lile la kuitia ni sanduku. Akacheka kwa mara ya kwanza, kwa kuwa kwa Kiarabu chao ni karibu maneno yaleyale. Kesho yake aliomba rangi.

Hayo hupati galarini, dada. Sisemi galari ni mbaya. Zipo zinazolipa kwa wakati na kukutunza, na utazihitaji kazi zikianza kujaa chumbani. Ukifika huko andikianeni: jina la kazi, vipimo, bei, asilimia yao (mara nyingi huwa kati ya 30 na 50), nani analipia fremu, siku ya kurudishiwa zisizouzwa, na siku ngapi baada ya mauzo utalipwa. Piga picha kila kazi mbele na nyuma kabla haijatoka mkononi mwako. Mwenye nia njema hatakasirika.

Pesa za vituo vya utamaduni vya kigeni nazo chukua ukipewa, nimezichukua pia. Ila nimeona vijana wenye vipaji wakiacha kuchora wanachokiona mtaani, wakaanza kuchora kile fomu ya maombi inachokitaka, na kazi zao zikanyauka mbele ya macho yangu. Inaniuma hadi leo.

Sasa wewe. Njoo na vinyago vitatu tu, vile unavyoviamini, na picha za vingine kwenye simu. Anzia Kuona siku ya kazi, asubuhi, uwakute watu wakiwa kazini. Salimia kila mtu, ukae. Kisha ulizia maonyesho ya kila mwaka ya sanaa za bei nafuu pale Makumbusho, yanayoandaliwa na Kenya Museum Society. Hapo mwananchi wa kawaida hununua. Mitungi usihangaike kuibeba kutoka Voi. Nairobi imejaa wanaokusanya plastiki na kuiuza kwa kilo. Omba wakuwekee ile minene ya mafuta ya kupikia, ya manjano, maana inakatika bila kupasuka. Ukija na msumeno wako mwenyewe itakuwa vizuri zaidi. Wetu umeisha meno.