Mshairi wa lugha aliyojifunza

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Je, asiyezaliwa na lugha aweza kuwa mshairi wake mkubwa?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu ssalamu, ndugu yetu. Aweza. Leah Goldberg, mshairi mkubwa wa Kiebrania, alizaliwa Königsberg (mji wa Ujerumani wakati huo, leo Kaliningrad, Urusi) mwaka 1911 na kukulia Kaunas, Lithuania; Kirusi kilikuwa lugha ya nyumbani, lakini tangu utotoni aliandika shajara yake kwa Kiebrania. Mwaka 1935 alihamia Tel Aviv, akatunga mashairi kwa Kiebrania na kutafsiri *Vita na Amani*, riwaya ya Mrusi Tolstoy, na soneti (mashairi ya mistari kumi na minne) za Petrarca, mshairi wa Italia. Katika shairi lake la msonobari, anautazama mti ambao huko ugenini hauvishwi theluji, akataja uchungu wa kuwa na nchi mbili, uchungu ambao wengi wetu Unguja na Pemba, wenye jamaa Maskati, tunaujua vyema.